Kuwasha kompyuta kupitia mtandao: iachie ruta kazi yake

Siku ya kwanza nilipojaribu kuwasha kompyuta bila diski wala flashi, niliikatia intaneti ofisi nzima. Nilikuwa nimeweka DHCP, huduma ya kugawa anwani za mtandao, kwenye seva yangu mpya huku ruta nayo ikiendelea kugawa anwani kama kawaida. Kila mashine iliyowashwa asubuhi ile ilipokea anwani kwa yeyote aliyewahi kujibu, na zilizoangukia kwangu hazikuambiwa njia ya kutokea nje. Saa mbili nzima nilikuwa nailaumu kampuni ya intaneti.

Kwa hiyo, ukitaka seva ya PXE, yaani ya kuwashia kompyuta kupitia mtandao, usiiguse DHCP iliyopo. Kompyuta inapoamka kwa kadi ya mtandao huomba mambo mawili kwa mkupuo mmoja: anwani, na faili la kuanzia liko wapi. Si lazima ijibiwe na mmoja. Programu ya dnsmasq ina hali ya proksi, ambapo ruta inatoa anwani na dnsmasq inaongeza tu jina la seva na la faili. Mstari wenyewe ni huu, namba zifuate mtandao wako:

dhcp-range=192.168.1.0,proxy

Ukiongeza enable-tftp na tftp-root, programu hiyohiyo itagawa na mafaili kwa TFTP, njia rahisi ya kutuma mafaili mtandaoni. Kwenye faiawoli fungua milango ya UDP 67, 69 na 4011. Huo wa mwisho husahaulika sana, na proksi inauhitaji.

Kwenye kompyuta kuukuu mambo yalikwenda vizuri. Nikaleta mashine mpya: ikapakua faili, skrini ikapepesa mara moja, ikarudi kwenye menyu ya kuwashia. Hakuna ujumbe wowote. Logi ya seva ilisema faili limetumwa lote. Nikabadilisha kebo, nikabadilisha swichi, nikaanza kuishuku hata kadi ya mtandao. Kumbe pxelinux.0, faili nililokuwa nikilituma, ni la BIOS, mfumo wa zamani wa kuwashia kompyuta, na mashine ya UEFI, mfumo mpya, inataka faili la .efi. Mashine yenyewe hujitambulisha katika ombi lake, chaguo la 93: 0 ni BIOS, 7 ni UEFI ya biti 64. Basi andika mistari miwili ya pxe-service, kila aina na faili lake. Secure Boot, ulinzi wa UEFI dhidi ya mafaili yasiyoaminika, ikiwa imewashwa, faili hilo lazima liwe limesainiwa. Izime kwa muda uone kama ndiyo inayokukwamisha.

Kabla ya kubadilisha chochote, soma namba ya kosa iliyo kwenye skrini. PXE-E51 maana yake hakuna DHCP iliyojibu. PXE-E53, mashine imepata jibu lakini jina la faili halikuja. PXE-E32, TFTP haijibu, na hapo mimi huangalia faiawoli kwanza. E51 ina ujanja wake: swichi zenye STP (kinga dhidi ya mizunguko ya data kwenye mtandao) huweza kukaa kama sekunde 30 kabla ya kuruhusu data kupita kwenye tundu lililochomekwa mashine, na mashine hukata tamaa mapema. Washa portfast, mpangilio wa swichi wa kuruka kungoja huko, kwenye tundu hilo. Ukibaki na shaka, endesha tcpdump, programu ya kuonyesha data inayopita mtandaoni, kwenye seva uone kama ombi linafika kabisa. Usipoliona, acha kuhangaika na mafaili ya mipangilio.

Jambo jingine ni kasi. TFTP kwa kawaida hutuma baiti 512, ikasubiri kuthibitishiwa, ndipo itume nyingine. Kwa faili dogo la kuanzia haina neno, lakini ukipitisha humo mfumo mzima wa mamia ya megabaiti utachoka kungoja. Mimi naitumia kuleta iPXE tu, programu ndogo ya kuwashia kupitia mtandao, kisha iPXE inavuta vilivyobaki kwa HTTP. Ukiona inajipakia tena na tena bila kukoma, ni kwa sababu kila ikiuliza inapewa jina lake yenyewe. Nilichofanya ni kupachika skripti ndani ya faili la iPXE wakati wa kulijenga, ili likiamka liende moja kwa moja kwenye anwani ya HTTP bila kuuliza tena.