Mgonjwa ndiye aliyeniomba msamaha

Maswali ya wasomaji. Anayejibu ni muuguzi mstaafu aliyefanya kazi wodini kwa miaka 34 jijini Dar es Salaam.

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya upande wa Mbagala, huu ni mwaka wa saba kazini. Leba tulikuwa wanne. Mmoja yuko likizo ya uzazi, mwingine kaenda masomoni, na hakuna aliyeletwa kuziba nafasi zao. Kwa hiyo zamu zangu tatu za usiku zimekuwa sita mfululizo, saa 2 usiku hadi saa 2 asubuhi.

Wiki iliyopita nilikuwa na akina mama watano kwenye vitanda vitatu. Binti mmoja, mimba yake ya kwanza, alikuwa analia na kunishika gauni kila nikipita. Nikamtoa mkono, nikamwambia yale maneno niliyoapa tangu chuoni kwamba hayatatoka kinywani mwangu: "Wakati unaitafuta hukupiga kelele." Akanyamaza. Halafu akasema taratibu, "Samahani sista." Nikaendelea kusikiliza mapigo ya mtoto kama vile sikusikia. Alijifungua salama saa 11 alfajiri. Hata hongera sikumpa.

Kinachonitisha ni kwamba sikuhisi kitu. Asubuhi nilipitiliza kituo changu, konda ndiye aliyenishtua. Nyumbani mwanangu wa miaka minne akinikumbatia miguu natamani aniachie. Mume wangu anasema nimebadilika. Inchaji anasema nishukuru Mungu, kuna maelfu mtaani wanaitafuta ajira hii. Mama, niache kazi? Au mimi ndiye niliyeharibika?

Muuguzi, Mbagala

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako niliisoma mchana, nikaamka usiku kuisoma tena kwa sababu ya ile "samahani sista". Nimeisikia leba mara nyingi mno, na kila mara aliyepaswa kuisema alikuwa amesimama na glavu mkononi.

Hukuharibika. Umechoka kupita kiwango, ila sisi wauguzi neno letu la uchovu ni moja tu, "nimechoka", lilelile la mtu aliyefua nguo za wiki nzima, ndiyo maana ukilisema hakuna anayeshtuka. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza uchovu huu katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, likaeleza kwamba wenyewe hauhesabiwi kuwa ugonjwa. Ni hali inayoletwa na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Wametaja mambo matatu: kuishiwa nguvu, moyo kuwa mbali na kazi yenyewe, na kujiona huna tija tena. Kupitiliza kituo ndilo la kwanza. Mkono wa yule binti ulivyoutoa ndilo la pili. La tatu ni swali lako la mwisho. Na tazama, wamesema msongo wa kazini. Udhaifu wa muuguzi haumo humo.

Mimi yalinikuta wodi ya watoto, miaka ya tisini, usiku wa tisa mfululizo. Nilikuwa nimevuta kwinini kwenye bomba la sindano, nimeshamgeuza mtoto, nimeshampaka spiriti pajani. Bibi yake, aliyekuwa amelala sakafuni chini ya kitanda, akainuka akanishika kiwiko: "Sista, huyu umeshamchoma." Nikamwambia hapana. Akasema, "Umemchoma mwanangu, nimekuona." Nikaenda kufungua faili. Saa 10 usiku, kwinini, na sahihi. Mwandiko ni wangu. Sikumbuki kuandika, sikumbuki kumchoma, hadi leo sikumbuki. Niliimwaga ile dawa kwenye sinki nikabaki nimeshika bomba, mkono unatetemeka. Nilipomweleza mkubwa wangu wa kazi asubuhi, aliniambia niombe Mungu na nisimwambie mtu.

Kuomba niliomba. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kosa, na ndiyo maana nimekusimulia.

Sasa tuishike rosta yako. Sita mara 12 ni 72. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Wiki moja tu umezidisha 27. Ukipangiwa wiki mbili za namna hiyo unafika 54, wakati sheria hiyo inaruhusu saa za ziada 50 katika wiki nne, tena kwa makubaliano. Kuna pia mapumziko ya saa 24 kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Yako ya mwisho ulichukua lini? Hukuniandikia, nami nahisi jibu ninalo.

Mwandikie inchaji barua, nakala kwa mganga mfawidhi. Usiandike "nimechoka", andika tarehe, zamu, idadi ya akina mama na idadi ya wauguzi usiku ule. Omba mambo mawili tu: zamu za usiku zirudi tatu, na upewe likizo. Ajira ya kusakwa na maelfu haimkingi mama anayejifungua mikononi mwa mtu aliyelala wima. Mkiwa na mwakilishi wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, hapo kituoni, aisome barua kabla hujaipeleka. Najua mtaambiwa watu hawapo, na pengine kweli hawapo. Lakini kisichoandikwa hakihesabiwi pale bajeti ya watumishi inapopangwa.

Halafu mtafute mwenzako mmoja, mmoja tu. Mimi na mwenzangu tulikuwa tukishapeana ripoti ya asubuhi tunakaa dakika kumi nyuma ya stoo ya mashuka, chai ya rangi mkononi, kila mmoja anasema jambo lililomuuma kuliko yote usiku ule. Hakuna kushauriana, hakuna kuhukumiana. Nilikuwa nikitoka pale naijua njia ya nyumbani.

Nyumbani, mpe mume wako barua hii aisome. Aone kwamba humkimbii mtoto. Usingizi wa mchana chini ya bati la Mbagala naujua: joto, muziki wa jirani, mtoto anagonga mlango. Kanga mbili nzito dirishani, simu nje ya chumba, mtoto kwa jirani hadi saa 8 mchana. Hilo ni jukumu la mume kulipanga, usimwachie akuulize.

Ila nikuonye kwa jambo moja. Ukipumzika siku kadhaa na bado hakuna kinachokufurahisha, hata chakula, hata mtoto wako, au ukaanza kuwaza ni heri usiamke, hapo huenda ni sonona, nayo inatibika. Usisubiri likizo, nenda hata leo. Najua unaogopa faili lako lisisomwe na wenzako. Basi usitibiwe unapofanyia kazi. Nenda Muhimbili, ukae foleni kama mgonjwa mwingine yeyote.

Kuacha kazi si dhambi, na sitakuzuia. Lakini uamuzi huo usiufanye katikati ya usiku sita. Uchukue likizo kwanza, ulale, kisha ujiulize ukiwa na akili zako zote. Pengine utahitaji wodi nyingine tu.

Na yule binti atarudi kliniki na mtoto. Muulize aliyepo zamu ya asubuhi, ujue siku anayokuja. Usimweleze habari za rosta. Kaa naye kwenye benchi, mpokee mtoto, umwambie, "Usiku ule nilikukosea, nisamehe." Ile hongera bado unadaiwa.

Rosta ya mwezi ujao inapangwa lini hapo kwenu? Barua iwe mezani kwa inchaji kabla ya siku hiyo.