Namba ya Pili katika Ripoti ya Mthamini

Mwaka 2015 nilikopa benki shilingi milioni 60 ili nimalizie nyumba ya wapangaji wawili niliyokuwa nikiijenga Mbezi, pembezoni mwa Barabara ya Morogoro. Nyumba ilikuwa imeshapauliwa na kiwanja kilikuwa na hati. Mthamini alikuja, akapima, akapiga picha, na ripoti yake ikasema thamani ya soko ni shilingi milioni 140. Chini yake, katika ukurasa huohuo, palikuwa na namba ya pili, thamani ya kuuza kwa haraka, shilingi milioni 98. Ile ya kwanza niliishika kichwani miaka miwili kama fedha niliyokwisha kuipokea, na ya pili sikuitazama tena.

Riba ilikuwa asilimia 18 kwa mwaka, muda miaka mitano, na rejesho la kila mwezi shilingi 1,523,600. Katika rejesho la kwanza, shilingi 900,000 zilikuwa riba tupu, na deni lenyewe lilipungua kwa shilingi 623,600 tu. Kodi ya vyumba vyote viwili ingenipa shilingi milioni moja, na pungufu ningelijaza kwa mshahara. Siku ya kusaini, mke wangu, ambaye benki ilitaka ridhaa yake kwa maandishi, aliuliza mbele ya afisa mikopo: "Na mpangaji akihama, tutalipa na nini?" Nilimjibu kwamba Dar es Salaam haikosi wapangaji.

Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma, na fedha za mashirika ya umma zikaanza kuondolewa katika benki za biashara kupelekwa Benki Kuu. Watu wa mjini wakawa na msemo mmoja, vyuma vimekaza, yaani fedha zimekuwa adimu, na kila aliyekuwa na biashara, shamba au nyumba ya kupangisha aliuelewa bila kufafanuliwa. Mpangaji wangu mmoja alikuwa mtumishi wa wizara, na mapema mwaka 2017 alifungasha vyombo akaenda Dodoma. Chumba kilikaa wazi miezi minne. Aliyebaki aliomba kodi ishuke kutoka 500,000 hadi 350,000, nami nikakubali, kwa kuwa nyumba tupu huliwa na mchwa na vibaka huku deni likiendelea kudai lote.

Nikaamua kuuza. Dalali alinihakikishia kwamba nyumba ikiwa imekamilika hivyo haiwezi kwenda chini ya milioni 180, na kwa wiki tisa alileta watu waliotazama choo, jiko na dari, wakaomba namba ya simu, wasipige. Walioleta ofa walikuwa wawili. Mmoja alitaka kulipa nusu sasa na nusu baada ya mwaka. Mwingine alikuwa na fedha taslimu na akatamka milioni 97. Usiku ule niliifungua ripoti ya mthamini na kukuta kwamba mnunuzi yule amekosea kwa milioni moja tu kuifikia namba niliyoidharau, tena kwa nyumba ambayo sasa ilikuwa na madirisha, vigae na maji. Sikumuuzia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kukopa kwa dhamana ya nyumba ni kwamba hesabu zote zifanywe kwa namba ya pili. Wakati mambo yakiwa magumu wauzaji huwa wengi kwa pamoja na wenye fedha taslimu wachache, na bei hupangwa na hao wachache. Deni halishuki pamoja na bei.

La pili ni la kwenda benki kabla ya kukosa rejesho hata moja. Nilikwenda Julai 2017, nikiwa nimelipa marejesho 24 na deni likiwa limebaki takriban shilingi milioni 42. Mwaka huo mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa kwa wakati, katika benki za nchi ilikuwa imevuka asilimia 10 ya mikopo yote, na afisa mikopo aliniambia waziwazi: "Kaka, ungekuja baada ya miezi mitatu ya kuchelewa, faili lako lingekuwa meza nyingine." Walinipangia upya deni kwa miezi 60, rejesho likashuka hadi kama shilingi 1,070,000. Gharama yake ni riba ya ziada inayozidi milioni 9, na inaniuma hadi leo, lakini nyumba haikufika mnadani. Niliomba pia riba ipunguzwe, kwa kuwa Benki Kuu ilikuwa imeshusha riba yake kwa benki kutoka asilimia 16 hadi 12 Machi mwaka ule. Nikaambiwa mkataba wangu ni wa riba isiyobadilika. Kipengele hicho kisomwe kabla ya kusaini.

Kuhusu akiba, Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki ndogo tano kwa siku moja kwa kukosa mtaji wa kutosha. Kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, yaani fidia anayolipwa mteja benki yake ikifungwa, wakati huo ilikuwa shilingi 1,500,000 kwa mteja, na aliyeweka zaidi alilazimika kungoja mali za benki zikusanywe na kuuzwa. Kiwango hicho kimepandishwa hadi 7,500,000, ila mwenye akiba kubwa kuliko hiyo bado anafanya vema kuigawa katika benki zaidi ya moja. Mimi huweka kando marejesho sita kamili mahali ninapoweza kuyatoa ndani ya siku chache, wala siyahesabu kama mtaji wa kiwanja kingine, hata dalali akinipigia kuhusu bei ya kutupa kule Kibada.

Nilimaliza deni katikati ya mwaka 2022. Benki ilinirudishia hati pamoja na nyaraka za kuondoa rehani, nami nilizipeleka kwa Msajili wa Hati kesho yake, kwa sababu rehani isiyofutwa kwenye daftari huendelea kuonekana kila upekuzi wa hati unapofanywa, hata kama senti ya mwisho imeshalipwa.