Kuhubiri siwezi, nitumikeje?

SWALI: Bwana asifiwe mtumishi. Mi nimeokoka ila kuimba siwezi, kuhubiri ndo kabisa, nikishika maiki natetemeka. Mtaani nitamtumikiaje Mungu?

JIBU: Amen mpendwa. Nani kakwambia huduma ni maiki tu? Soma Matendo 6, wajane walikuwa wanasahaulika kwenye mgao wa kila siku, wakachaguliwa watu 7 wasimamie, Stefano akiwemo, na wakawekewa mikono kabisa. Sasa we jirani yako anaumwa, nenda kamfulie mashuka, mchotee maji, kaa umsikilize, na tafadhali usimpige picha ukaweka status (hiyo inanikera mno). Akiuliza kwa nini unajisumbua hivyo ndo umwambie habari za Yesu, asipouliza we endelea kufua.