Kwa nini wazee walijenga Mtae: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na mama yako amefurahi kusikia mtoto amepona kifua. Ndiye aliyesema nikujibu kwa barua badala ya simu, maana swali lako si la kujibiwa umesimama.

Uliniuliza wazee walifuata nini hata wakajenga huku Mtae, ukingoni kabisa mwa Usambara, mbali na kila kitu. Ukaongeza kwamba mumeo anaona heri mnunue kiwanja Mombo, pembeni ya barabara kuu, kuliko kujenga pale nilipowatengea. Maswali yote mawili nitayajibu, ila la kwanza ndilo linalobeba la pili.

Wazee walipojenga huku hawakuwa mbali na chochote. Mkija tena, simameni ukingoni mchana hali ya hewa ikiwa safi. Chini kabisa mtaiona nyika ya Mkomazi imetanda, ng'ambo yake milima ya Upare, na siku nyingine hata Kilimanjaro hujitokeza. Mgeni akitazama pale huona mandhari tu. Babu zetu waliona mashamba yao.

Vijiji vingi vya kale vya Wasambaa vilikaa hivi hivi, karibu na ukingo, kwa sababu mtu alilima pande mbili. Juu, kwenye mvua na ukungu, alikuwa na migomba kuzunguka nyumba. Chini nyikani, kwenye joto, alikuwa na mahindi na mtama. Mvua ikikataa bondeni, mgomba upo. Mwaka nyika ikijibu, ghala linajaa. Mtu aliyekaa ndani kabisa ya milima, mbali na ukingo, angechoka njiani kabla hajashika jembe, lakini wa ukingoni alishuka, akalima, akapanda kulala. Kulala chini hakukupendwa. Kulikuwa na homa, na huku juu mbu wa malaria walikuwa wachache. Tena kulikuwa na miaka ya kuvamiwa na Wamasai, na aliyeko juu humwona anayekuja kabla hajafika. Kwa hiyo mkiona nyumba zimeng'ang'ania kwenye mgongo wa mlima, msidhani watu walikosa pengine pa kwenda. Palichaguliwa, tena kwa akili nyingi.

Hata serikali ilikaa mlimani. Wafalme wetu wa Kikilindi, uzao wa Mbegha yule mwindaji aliyetoka Ungulu, walitawala kutoka Vugha. Wakati wa Kimweri ye Nyumbai sauti ya Vugha ilisikika mpaka pwani, upande wa Pangani na Tanga. Mmisionari Krapf, aliyetaka ruhusa ya kufanya kazi yake katika nchi hii, ilimbidi apande mlima kwenda kuiomba kwa Kimweri mwaka 1848, na mwaka 1852 akapanda tena. Aliyetaka jambo kubwa alipanda, mwanangu. Hilo nataka mumeo alisikie vizuri.

Sasa umbali huu ulitoka wapi? Ulianzia bondeni, na ulianza na biashara. Kimweri alikufa mwaka 1862, na kufikia hapo misafara ya pembe za ndovu ilikuwa ikipita nyikani kutoka Pangani kuelekea bara. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini kule, kwenye njia ya misafara. Yeye ndiye aliyepata bunduki. Vita vikafuata, watu wakatekwa na kuuzwa, na Vugha yenyewe ikashambuliwa na nguvu iliyotoka bondeni. Kipande hiki mimi hukisimulia kwa uchungu kila mara, kwa sababu nchi iligeuzwa uso hapo, kabla hata Mjerumani hajafika.

Mjerumani alipofika alikuta uso umeshageuka, naye akaukaza pale pale. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, yote ikipita chini. Lushoto wakaifanya mji wao, wakaiita Wilhelmstal kwa jina la Kaisari wao. Kule Shume walikata mitarakwa, wakajenga njia ya kamba za chuma inayoning'inia hewani kushusha mbao mpaka stesheni ya Mkumbara. Mbao zikapata njia ya kuteremka, watu wakaachiwa vijia vyao vya miguu. Mwaka 1907 wakaanzisha huku kadi ya kazi: kila baada ya miezi minne mwanamume awe amefanya siku 30 kwa mzungu, ama sivyo anaingizwa kazi za serikali. Vijana wa mlimani wakawa vibarua. Mkonge ukapandwa bondeni, mishahara ikawa bondeni, maduka yakafuata mishahara. Kijiji hakikusogea hata hatua moja, lakini ndani ya umri wa mtu mmoja kikajikuta mwisho wa njia.

Waingereza nao walikuja na matuta. Miaka ya 1950 walilazimisha watu wachimbe matuta kwenye miteremko, eti kuokoa udongo, na asiyechimba anatozwa faini. Kazi ile ilikuwa nzito, iliwaangukia zaidi kina mama, na watu waliikataa mpaka ikaachwa kabla ya uhuru. Udongo kweli ulikuwa ukiondoka, siwezi kukataa. Lakini mtu halimi vizuri akiwa anasimamiwa kwa fimbo. Leo watu wanakinga maji wenyewe, wanapanda majani ya ng'ombe kwenye kingo, na hakuna askari anayewaamuru.

Sitakuficha shida zilizopo. Masika njia hii huharibika, na kutoka hapa mpaka Lushoto kwa basi ni nusu siku kukiwa na matope. Mgonjwa anayehitaji hospitali kubwa huumia njiani. Bei ya kabichi na karoti huamuliwa na mwenye lori, kwa sababu anajua mzigo utaoza usipopakiwa leo. Vijana wanateremka, nami siwalaumu. Hayo yote ni ya njia, nayo njia hutengenezwa. Mvua, ukungu wa msitu wa Shagayu na chemchemi zitokazo chini yake haziwezi kutengenezwa na mtu yeyote pale Mombo.

Basi jibu langu kuhusu kiwanja. Nunueni Mombo kama mmepata pesa. Sina kinyongo hata kidogo, na mumeo mwambie nimesema hivyo kwa moyo mweupe. Bondeni pana umeme wa uhakika, pana basi la Dar, na mtoto atasoma bila kupanda milima. Lakini hicho kiwe shamba lenu la nyikani, kama walivyokuwa nalo wazee. Cha huku msikiuze na msikiache kitupu. Jengeni hata vyumba viwili kwanza.

Mpaka wa juu unaishia kwenye mgomba wa bibi yako, na upande wa jirani tumeshaelewana, hakuna ugomvi. Upande wa chini kuna miti ya asili iliyobaki, mikulo miwili na mingine midogo. Hiyo msiikate, na mikaratusi msipande pale hata mtu akiwaahidi bei nzuri ya nguzo. Chemchemi ya nyumba zote za upande ule iko chini ya miti hiyo, na mikaratusi inakunywa sana.

Baba yako mdogo atakuwepo mwezi wa nane. Njooni wakati huo tupime kwa kamba, yeye akiwa shahidi, tuandike karatasi na kuipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Mtoto mleteeni koti zito, baridi inakuwa haijaisha. Mama yako anaomba pia mbegu za bamia, anataka kumpelekea dada yake anayekaa kijiji cha Mnazi.

Baba yako