Maswali Yenu: Taa Nyekundu, Pembe Nane na Kiti cha Askofu

Ile taa nyekundu karibu na tabernakulo mbona haizimwi hata mchana?
Inaonyesha kwamba Ekaristi, yaani mkate uliowekwa wakfu, imo ndani ya tabernakulo, kile kisanduku chenye kufuli. Ndiyo maana Mkatoliki akiingia hupiga goti kuelekea huko kabla ya kukaa. Ijumaa Kuu, wakati wa ibada, utakuta tabernakulo tupu, mlango wake wazi, taa imezimwa. Aliyezoea kupiga goti bila kuangalia ndiye hushtuka.

Altare na mimbari si kitu kimoja? Nasikia watu wakisema padri "amehubiri altareni".
Wanachanganya. Altare ni meza ya sadaka, mahali pa mkate na divai. Ukiikaribia altare ya mawe ya zamani, huenda ukaona misalaba midogo mitano iliyochongwa juu yake, mmoja katikati na minne pembeni, ukumbusho wa madonda matano ya Kristo.

Mimbari ni ya kuhubiria. Zile za zamani zilipandwa kwa ngazi, na nyingi zilikuwa na kipaa cha mbao juu ya kichwa cha mhubiri. Wengi hudhani ni pambo, kumbe kabla ya vipaza sauti kipaa hicho ndicho kilichorudisha sauti kwa watu isipotelee darini. Binafsi naona kilifanya kazi nzuri kuliko spika nyingi za leo.

Birika letu la ubatizo lina pembe nane na liko karibu na mlango. Fundi alikosea?
Hakukosea. Liko mlangoni kwa kuwa kwa ubatizo mtu huingia katika Kanisa. Nane ni hesabu ya siku: Mungu aliumba kwa siku sita, akapumzika ya saba, na Kristo akafufuka kesho yake, siku ya nane.

Mabenchi yalikuwepo tangu mwanzo?
La. Kwa karne nyingi waamini walisimama. Mabenchi yalienea mwishoni mwa Enzi za Kati, na zaidi baada ya Matengenezo ya Kiprotestanti ya karne ya 16, mahubiri yaliporefuka.

Kila kanisa kubwa ni katedrali?
Hapana. Katedrali ni kanisa lenye kathedra, yaani kiti cha askofu, hata likiwa dogo. Basilika la Mtakatifu Petro, pamoja na ukubwa wake wote, si katedrali. Kiti cha Papa kama Askofu wa Roma kiko katika Basilika la Laterano, kanisa jingine la Roma.