Kwa nini Natsume anayarudisha majina?

SWALI: Dada, salamu kutoka Bombo. Mimi na rafiki yangu tunatazama katuni ya Kijapani, Natsume Yuujinchou, kwenye simu na tumegombana. Natsume ana daftari lenye majina ya yokai, wale viumbe wasioonekana. Akiliita jina, mwenyewe lazima atii. Kwa nini basi anayarudisha bure? Rafiki yangu anasema ni mnyonge tu. Hasa uwezo wake ni upi?
Msomaji, Bombo

JIBU: Mdogo wangu, mnyonge haangushi yokai kwa ngumi. Natsume Takashi anawaona, anawasikia na kuwagusa, na wakimkaribia vibaya anawapiga wakalala chini. Nguvu hizo ni urithi wa bibi yake, Reiko. Alipokuwa msichana wa shule watu walimkwepa, naye akawa anawatafuta yokai na kushindana nao. Kila aliyeshindwa aliandika jina lake kwenye karatasi, na karatasi hizo ndizo daftari. Ukiichana au kuichoma karatasi, mwenye jina anaumia vilevile. Sasa fikiri kulala ukijua uhai wako uko kwenye mkoba wa mtu mwingine!

Tazameni tena jinsi jina linavyorudi. Natsume anamfikiria mwenye jina, kurasa zinajipekua mpaka moja inasimama wima. Anaichana, anaibana kwa midomo, anapiga makofi mara moja, kisha anapumua. Maandishi yanabanduka kwenye karatasi na kumrudia mwenyewe. Papo hapo Natsume anaona kumbukumbu za yule yokai: siku aliyokutana na Reiko, na miaka aliyongoja aitwe asiitwe. Kazi hiyo inamchosha mpaka anaanguka. Haifanyi bure, inamgharimu mwili.

Nitakwambia kwa nini naielewa. Mama alipofariki nililelewa kwa zamu, kwanza Arua, halafu kwa shangazi Jinja, halafu kwa mjomba. Nguo zangu sikuzitoa kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, chini ya kitanda, maana sikujua nitahamishwa lini. Natsume naye ni yatima. Ndugu walimpokezana, wakamwita mwongo kwa sababu alipiga kelele kwa vitu wasivyoviona. Ndiyo maana ni mpole kupita kiasi, anaomba radhi hata pasipo kosa, na hata alipopata nyumba ya upendo kwa Touko na Shigeru Fujiwara hawaambii anachokiona. Anaogopa kuwapoteza. Mtoto aliyeishi mikononi mwa wengine hawezi kufurahia kumshika mwingine mkononi.

Na jina ni jambo zito, hata kwetu. Kwa Waganda majina ni mali ya ukoo. Mtoto wa ukoo wa Mmamba hapewi jina la ukoo wa Ngabi. Ukilitaja, umetaja na waliomtangulia.

Yule paka mnene anayefuatana na Natsume, Nyanko-sensei, ni yokai mkubwa aitwaye Madara. Anamlinda Natsume kwa ahadi kwamba Natsume akifa, daftari litakuwa la Madara. Anapenda pombe na kula, nami nampenda sana.

Lakini muonyeshe rafiki yako kisa cha Tsuyukami, mungu mdogo wa umande. Zamani watu wengi walimwabudu na mwili wake ulikuwa mkubwa. Waumini wakapungua, naye akapungua, mpaka akatosha kiganjani. Alibaki na mmoja tu, bibi kizee aitwaye Hana. Natsume alimrudishia Tsuyukami jina lake, halafu Hana akafa, na Tsuyukami akaanza kufifia pamoja naye. Natsume akamsihi abaki, akasema yeye mwenyewe atamwabudu. Hapo alikuwa tayari kupiga magoti, mtu ambaye angeweza kuamuru. Tsuyukami akakataa. Akamwambia haiwezekani, kwa kuwa Natsume ni rafiki yake.