Barua kwa mwanangu: picha ni ya aliye ndani yake

Mwanangu Zuhura,

Barua yako imefika, pamoja na zile filamu mbili kwenye flashi aliyokuja nayo mjomba wako. Nimeziangalia usiku tatu mfululizo, mama yako ubavuni pangu. Umeniuliza kama Tareque Masud, yule mtengenezaji filamu Mbengali aliyekuwa akiishi New York, alifanya vyema kurudi kwao Bangladesh. Najua unachouliza hasa. Mkataba wako wa Toronto unaisha Juni, nawe wataka baba aseme ubaki ama urudi.

Subiri kwanza. Mimi lililoninyima usingizi ni ile mikanda.

Yule Mmarekani, Lear Levin, alikwenda Bengal mwaka 1971, vita vya uhuru wa Bangladesh vikiwaka, akafuatana na kundi la waimbaji waliozunguka kambi za wakimbizi kwa lori. Aliporudi New York filamu yake ikakosa wa kuifadhili, mikanda ikalala chini ya nyumba yake karibu miaka 20, mpaka Tareque na mkewe Catherine walipoifikia. Mwaka 1995 wakatoa Muktir Gaan, yaani Wimbo wa Uhuru. Wala hawakuishia kuionyesha Dhaka, mji mkuu. Waliibeba na projekta mpaka vijijini, na wanakijiji wakishaitazama, wanaanza wao kusimulia: nani aliuawa, nani alichukuliwa, walikimbilia wapi. Tareque akawageuzia kamera. Masimulizi hayo ndiyo yaliyozaa filamu nyingine, Muktir Kotha, mwaka 1999.

Nimekwambia tangu uko darasa la tano, na leo narudia: picha ni ya aliye ndani yake, si ya aliyeshika kamera.

Kisa cha Bweni, kule ng'ambo ya mto Pangani, unakijua, ila mwisho wake sijawahi kukwambia. Mwaka 1984, nilipokuwa na lile gari la sinema, tulivuka Pangani kwa pantoni tukampiga picha bibi mmoja mwimbaji. Aliimba tangu alasiri hadi magharibi, akikosea anacheka, anaanza upya. Tulipokuwa tunafunga vyombo akaniuliza, "Mtaniletea lini na mimi nijione?" Nikamjibu, mwezi ujao, inshallah. Ofisi ikapeleka mikanda Dar, haikurudi. Niliandika barua nne. Baadaye nikaambiwa masanduku yaliingia maji stoo, yakatupwa. Hapo ndipo huwa naachia. Sasa sikiliza: nilikwenda Bweni miaka miwili baadaye, kwa nauli yangu, nimkabili mwenyewe. Nikakuta ameshazikwa. Mjukuu wake, mtoto wa miaka kumi hivi, akanishika mkono akaniuliza, "Picha ya bibi umekuja nayo?" Zuhura, sikuwa na la kumjibu. Nikampa hela ya maandazi. Mpaka leo ile hela inaniuma kuliko ile mikanda.

Basi nilipowaona wale wanakijiji wa Bengal kwa akili yangu, wamekaa chini mbele ya shuka jeupe, nililia. Mama yako alidhani ni macho.

Ile filamu ya pili kwenye flashi, Matir Moina, ilitufurahisha sana. Wale waimbaji wanaojibizana juu ya dini, mwanamume anatupa hoja na mwanamke anaidaka, mama yako alipiga vigelegele: hawa si malenga wetu hawa! Na Tareque mwenyewe alikuwa mtunzi, alitunga maneno ya nyimbo. Utoto wake wa madrasa ndio aliouweka humo. Ilipata tuzo kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2002, na kwao ikapigwa marufuku kwanza, mpaka ilipokatiwa rufaa. Fikiria, umezunguka dunia nzima, mlango uliofungwa ni wa nyumbani. Hakuondoka lakini.

Kwa hiyo rudi, ndivyo ningekwambia. Lakini hapana, ngoja. Kama asingekaa New York, ile mikanda angeifikia nani? Ughaibuni ndiko alikookota kumbukumbu ya watu wake. Basi kaa. Na hapo tena namkumbuka mpiga picha wake, Mishuk Munier. Aliishi hiyo hiyo Toronto yako, akarejea Dhaka, na tarehe 13 Agosti 2011 yeye na Tareque wakafa pamoja katika ajali ya barabarani Manikganj, wakitoka kutafuta mahali pa kupigia filamu mpya. Catherine alinusurika. Nilipomsomea mama yako habari hiyo alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwambie akae huko huko." Sikumjibu. Nina neno langu, nimelimeza, na linanikera kooni, lakini mkataba ni wako na umri ni wako. Nikisema, utakuja kwa ajili yangu, nami sitaki hivyo.

Ninachokuomba ni kimoja. Wale wazee wa kwetu uliowapiga picha juzi ulipokuja, ukimaliza kuunganisha filamu, waione wao kabla ya watu wa Toronto. Ukishindwa kuja, nitumie, nitawaonyesha mimi. Shuka lipo, projekta nitaazima.

Za yule bibi nimebakiwa na beti mbili tu kichwani. Nimeziandika nyuma ya karatasi hii, zikae nawe popote utakapokuwa.

Baba yako